Lita Tatu

Mara ya kwanza nilimwandikia: maji, lita tatu kwa siku.
Mara ya pili niliandika vilevile
nikapiga mstari chini yake, kalamu ikatoboa karatasi.
Mara ya tatu Nyamizi aliingia ameinama,
mkono kiunoni, kanga imelowa jasho,
akaketi upande upande kama aliyeketi juu ya kaa.

Nikafungua faili. Nikafungua kinywa:
"Mama, mbona hunywi maji?"

Mwanza tunajenga juu ya mawe, tunaanika nguo juu ya mawe,
watoto wa Mabatini hujifunza kutembea kwa kuyapanda.
Nani angeogopa kijiwe cha milimita tano,
punje ya chumvi kwenye picha?
Mimi sikukiogopa. Hakikuwa changu.

Muuguzi Leokadia ndiye aliyevuta kiti,
akakitoa nyuma ya meza, wakaketi goti kwa goti.
"Mwangaluka, mayu."
Akamchoma sindano ya maumivu, akangoja ifanye kazi.
Kisha: "Nisimulie jana. Tangu jogoo."

Jana: ndoo moja ya kununua,
imepanda mlima kichwani mwa mtoto wa jirani.
Nusu ya uji, nusu ya kuogea watu wanne.
Saa kumi na moja alfajiri yuko Mwaloni,
dagaa wamemwagwa, wenye malori hawangoji.
Choo kipo, cha kulipia, ng'ambo ya mizani.
"Nikienda nani atabaki na magunia?
Juzi nilikwenda. Nikarudi, debe moja halipo."

Akacheka, si kicheko.
"Ziwa lote lile naliona nilipokaa, dokta.
Nikinywa, nikakojoe wapi?"

Miaka kumi na moja napima mkojo wa watu.
Sijawahi kuuliza unakokwenda.

Nikageuza gamba la faili, nikamchorea figo,
haragwe, na mrija, na pale kilipokwama.
Njia ni mbili, nikasema: tukingoje kishuke
au uende hospitali kubwa wakakivunje.
Nikataja Jumanne, maana kliniki ni Jumanne.
Akatikisa kichwa. "Jumanne ni giza."
Sikuelewa. Leokadia akaelewa:
usiku wa giza ndipo taa hushuka ziwani, ndipo dagaa huja;
mbalamwezi ikiwaka wavuvi hulala
na mwanamke wa Mwaloni hupata mwili wake.

Basi tukahesabu mwezi, sisi watatu,
kwenye kalenda ya duka la saruji ukutani.
Tutangoja hadi upevuke, kisha tupige picha tena.
"Ila homa ikija," nikasema, "usingoje mwezi.
Njoo usiku huohuo, hata kwa bodaboda ya mkopo."
Habari ya choo aliimaliza mwenyewe:
atapokezana magunia na Perusi wa meza ya pili,
ambaye naye, ikaja kujulikana, hubana tangu asubuhi.

Kilitoka siku ya nne ya mbalamwezi,
kwenye chujio la chai ambalo sasa, alisema,
halitachuja chai ya mtu tena.
Alikileta ndani ya kiberiti.
"Kitarudi?"
"Huenda," nikasema. Nilitamani kusema hapana.

Akakitikisa kiberiti karibu na sikio langu.
"Sikia."
Sikusikia kitu. Nje pikipiki, kikohozi, mlango.
Akakisogeza zaidi.
"Hebu sikia, dokta."
Nikaiweka kalamu chini.