Kura ya Kofia ya Chuma

Kila Juni, nyuma ya kiwanda cha matofali,
kilomita tisa kutoka Toruń,
tunatumbukiza vyeo ndani ya kofia ya chuma
na mkono wowote huokota chochote.
Ndiyo sheria ya chama chetu,
ya pekee tunayoiheshimu.

Mwaka juzi niliokota ombaomba,
nikakoroma kwa raha chini ya mkokoteni.
Mwaka huu mimi, Wiesława, mfua mashuka ya hospitali,
nimeokota malkia.
Na Bwana Bogumił, mwenye jengo,
ninayemlipa kodi kila tarehe tano,
kaokota mtunza farasi.

Akaja na hariri!
Mtunza farasi, vifungo vya fedha hadi kooni.
Halszka, mweka hazina wetu, akampima juu chini,
akamtupia gunia la katani:
“Vaa hili. Farasi hawajui bei.”
Alijikuna mpaka jua likachwa.

Wasemao nguo ya kuazima haisitiri
hawajashona yao kwa pazia la marehemu mama.
Lulu za plastiki, mia nne na kumi, nilizihesabu;
taji la mkebe wa samaki, linalonichoma kisogoni;
na kola, kola ngumu ya kadibodi,
iliyouinua mgongo huu uliopindwa na beseni.
Kumbe kiburi hushonwa.

Alipoinama kunishikia kikuku cha tandiko
nilikuwa nimejiandaa kucheka.
Nikaona alama mbili za miwani puani pake,
nyekundu, kama za mtoto aliyelalia kitabu.
Miaka kumi na mmoja, sijawahi kumwona kwa karibu hivyo.
“Mtukufu,” akanong’ona, “taratibu. Huyu huuma.”
Wala hakuwa akiigiza.

Usiku, supu ya kabichi, kijiko kimoja cha mbao,
kikizunguka mdomo kwa mdomo.
Hakuna aliyekipangusa.

Jumatatu, mvuke. Mashuka mia mbili.
Jioni barua mlangoni:
kodi inapanda zloti sitini, kuanzia Agosti.
*Kwa mpangaji, namba kumi na nne.*
Na kabla ya “mpangaji” neno moja
limekatwa kwa wino, mistari miwili, kwa nguvu,
ila ukiliinua taani linasomeka:
*Mtukufu.*

Nimeibandika kwenye jokofu.
Hizo sitini sijui nitazitoa wapi.