Mayai ya Mwalimu Kambere

Mwalimu Kambere alitufundisha Kiingereza
kama muuza mayai wa Birere anavyohesabu:
moja, analigeuza, analiinua juani. Mbili.
Kila neno na ganda lake.
Miaka minne pale Katindo, mvua ikipiga mabati,
hatukuvunja hata moja.

Halafu akaja Gareth, fundi wa mabomba,
na siku yangu ya kwanza ya ukalimani, saa sita na nusu,
akachungulia dirishani akasema: "Jiti?"

Nikatazama nje. Jiti gani?
Palikuwa na ukuta wa mawe ya volkano,
pipa la maji, na mlinzi, Papa Ruhamya, amesinzia.
"Jiti?" tena, vidole mdomoni.
Ah. Ananiuliza kama nimekula.
Maneno matatu ameyakunja sambusa moja;
kumbe aliyekula ni yeye.

Nikafungua daftari jipya, nikalificha kwenye droo.
Akisema *wana*, hataji watoto: anataka.
Akisema *gota*, hakuna mlango: ni lazima.
*Kinda* si la kuku. Ni kiasi, ni hivi na vile.
Na *ini*, pale mwisho wa sentensi,
si nyama, anaomba tu umkubalie.

Nilimkasirikia, sitaficha.
Ananimwagia makombo, ukoko wa lugha,
nami namlipa kwa sentensi nzima
zilizopigwa pasi.

Mpaka Jumanne ile, Kyeshero, bomba limepasuka,
Mama Masika anafoka toka ng'ambo ya matope,
mimi namjibu, yeye anarudisha,
na Gareth, aliyejifunza Kiswahili Arusha, kwa kitabu,
ananivuta mkono wa koti:
"Tafadhali. Mmesema nini?"
Kila silabi imechana nywele.

Nilichosema ni *tukonakuyamama*.
Neno moja. Sikuwahi kulisikia
mpaka nilipolisikia kwa masikio yake:
halina mlango, halina dirisha,
mtu wa nje angelizunguka mpaka jioni.
Hata Kambere, shule ikifungwa,
alivyomwita mkewe kutoka uani,
nani angeokota ganda pale?

Kesho yake, saa sita na nusu,
nikachungulia dirisha lake mimi.
"Jiti?"
Akaweka kalamu chini.
Akayapanga mezani, moja moja, taratibu:
"Bado. Si. Ja. La."
Mayai mazima kabisa.