Daftari la Mama Nyaboke

Tumeshuka Landhies alfajiri, pikapu ikikohoa,
ngoma juu, sisi chini yake kama magunia ya viazi.
Wiki tatu: Kitale, Bungoma, Homa Bay, Narok,
na usiku mmoja Maralal ambapo umeme ulikatika
tukaendelea vivyo hivyo, besi yangu haina sauti,
nikiigusa kwa adabu tu
kama mtu anayeitikia dua asiyoisikia.

Mwenda njia hujua watu kwa mambo madogo.
Kitale wanakusalimu wewe, mke, mahindi, kisha ng'ombe,
na huna ng'ombe, lakini unajibu ni wazima.
Narok mtoto aliniinamishia kichwa nimguse utosi;
mkono uliozoea nyuzi ukasita hewani,
haujui baraka ina uzito gani.
Homa Bay ukisema umeshiba umetukana ukoo.
Na Nairobi?
Nairobi mtu hukwambia "nimefika, niko hapa nje"
akiwa bado anatafuta soksi.

Nacheka, ila nami ni wa huku.
Nimeshasema hivyo sabuni ikiwa masikioni.

Kwa Mama Nyaboke, nyuma ya ukumbi wa Makongeni,
kuna birika la maji moto na beseni la buluu
lenye ufa uliozibwa kwa plastiki ya kuyeyusha.
Anayenawa humshikia anayefuata.
Askari alimmiminia muuza mitumba,
muuza mitumba akammiminia karani, tai kaitupa begani,
karani akanimiminia mimi.
Nikageuka: nyuma yangu hakuna mtu.
Nikabaki na birika mkononi
kama mpiga besi ambaye wenzake wamemaliza wimbo.
Akaja kitindamimba wa mwenye kibanda,
hakuwa anakula, alishakula,
akakinga viganja vyake viwili vidogo
ili nisiaibike.

Ndipo mama yake akaniambia,
akigeuza chapati, bila kunitazama:
"Kithome hayupo. Tangu Jumanne."

Kithome wa tarumbeta,
aliyeacha tama moja ya chai chini ya kila kikombe.
Ya mwenye nyumba, alisema.
Hata tulipokunywa kituo cha mafuta
ambacho mwenye nyumba wake ni kampuni.
Nilimcheka miaka kumi na moja.

Kikao cha mazishi kimeitwa saa kumi na mbili,
maana yake saa moja na nusu.
Viti vya plastiki, taa moja, mbu, maombi marefu.
Wafukho, mweka hazina, analamba kidole, anafungua daftari,
lile lile la madeni ya chapati, upande wa nyuma.
Anasoma kwa sauti, kama inavyosomwa siku zote,
ili atoaye asikike na asiyetoa ajisikie:
fundi viatu, mia mbili;
wapangaji wa ploti namba tisa, elfu moja na mia nne;
karani wa tai, mia tano;
"asiyetaka kutajwa," hamsini.
Tunapiga makofi kwa kila jina, hata kwa hamsini.
Hasa kwa hamsini.

Mfukoni nina tikiti ya Maralal na nyuzi mbili kuukuu.
Mwenye hoteli ya Narok atatulipa, kasema, mwisho wa mwezi.
Nahesabu majina yaliyobaki kabla ya langu.
Naangalia mlango.
"Mutinda wa besi," Wafukho anasoma, "mia saba. Zimepokewa."

Makofi.

Nani? Natazama nyuso mstari kwa mstari.
Askari anafuta kofia.
Karani anaangalia simu iliyozimika.
Mama Nyaboke anamwaga chai, na ananipita
kama mtu asiyenijua, kisha anarudi,
ananijazia mpaka ukingoni.

Nakunywa polepole. Imezidi sukari.
Chini nabakiza tama moja,
naweka kikombe pembeni ya mguu wa kiti,
mahali ambapo mtu hawezi kukipiga teke.