Mizani ya Jibini

Kila Jumapili, kabla ya kengele ya pili ya kanisa,
tulimpima Bolota kwenye mizani ya jibini,
sahani ya chuma pana kama sinia,
inayonuka maziwa ya kondoo hata ukiisugua kwa majivu.
Baba alimshika kifua, mimi nikapanga mawe.
"Tulia, we mzigo," akamwambia,
na mbwa akalamba sindano.

Mbwa wa milima hii ya Estrela huzaliwa akitosha kiganjani,
mwaka haujaisha keshakuwa ndama.
Ndiyo maana daktari Quintela, alipopanda kutoka Seia
na gari lenye matope mpaka kwenye vioo,
hakuanza na meno wala masikio.
Alipitisha vidole ubavuni, akafumba macho
kama mtu anayetafuta swichi gizani.
"Mbavu ziko wapi, mzee Belmiro?
Usizione, lakini uzikute.
Mtazame kutoka juu: awe na kiuno, asiwe gogo.
Nani huezeka nyumba ambayo matofali hayajakauka?
Atakua tu huyu. Msimkimbize.
Minofu ya leo, nyonga zitailipa kesho."

Akaacha kikombe cha plastiki chenye mstari mwekundu:
mara tatu kwa siku, usawa wa mstari, basi.

Basi.
Neno hilo lilimkaa baba kooni.
Mtu aliyekulia supu ya kabichi,
bakuli tupu kwake ni tusi.

Nilipima. Nilisawazisha mstari kwa kisu.
Niliandika kwenye kalenda ya duka la mbolea:
kumi na tisa. Ishirini na moja na nusu. Ishirini na nne.
Nikamshuku Ermelinda wa jirani na maganda yake ya soseji,
nikamshuku padri,
nikamshuku hata paka, kwamba ameanza kutoa sadaka.
Nikafunga lango kwa waya.
Kilo zikaruka waya.

Usiku mmoja wa Februari, maji yameganda bombani,
nilishuka kutafuta kiberiti
nikaona mwanga chini ya mlango wa jikoni.
Baba ameketi. Sahani mbili.
Yake, na ya mama, upande wa dirisha,
pale Deolinda alipokaa miaka arobaini na sita akilalamikia upepo.
Mkate wa mahindi vipande viwili sawa,
jibini vipande viwili sawa.
Cha mama alikuwa akimpa Bolota, tonge kwa tonge,
kwa adabu, kama anayelisha mgonjwa.
Kisha chake akakitazama kitambo,
nacho akakishusha chini ya meza.

Ningesema nini?
Husemwa mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.
Hakuna aliyeniambia kwamba yana uzito,
na kwamba ningeuandika mwenyewe, kwa kalamu ya risasi.

Nikamkumbatia kwa nyuma,
jambo ambalo nyumbani kwetu halifanywi,
na chini ya sweta vidole vyangu vikakuta
mbavu. Zote. Moja moja, kama ngazi.

Jumapili nilianza na yeye.
"Panda."
"Mimi si jibini."
"Panda, baba."
Akapanda na buti zake, kofia mkononi, kama aliyeitwa mahakamani.
Hamsini na nane.
Zilizopungua hazikuwa zimepotea:
zilikuwa zimekaa sakafuni, zinatikisa mkia.

Sasa kalenda ina safu mbili.
Ya Bolota ipande polepole. Ya baba ipande tu.
Sahani ya mama tunaiweka bado,
ila ninakaa mimi pale penye upepo, ninakula mimi,
ninalalamika kwa niaba yake.
Mbwa keshamaliza kikombe, amelala mlangoni,
ananitazama kama deni.

Wiki hii Bolota ni ishirini na nne na robo,
na kiuno kimeanza kuonekana.
Baba, hamsini na nane na nusu.
Nilifurahi, nikampigia daktari simu kabisa.
Ni wakati wa kurudisha mawe sandukuni
ndipo nilipoona pengo:
lile la nusu kilo silioni,
na baba keshaenda kanisani, amevaa koti.