Panya wa Darini

Kwanza ulikuwa mlio tu. Tak.
Karibu na sikio la kushoto, kila nikipiga mwayo,
kama kitasa cha mlango ambao hakuna aliyeugusa.
Nikamwambia Cheom-rye wa kibanda cha pili:
"Sikiliza, nina saa mdomoni."
Akajibu saa hiyo imesimama pamoja na bei zangu.

Miaka thelathini na mmoja nauza ngisi wakavu, Jumunjin,
na mteja kutoka Seoul haamini ulaini kwa kuambiwa.
Namrarulia kipande, nami natafuna kingine mbele yake
huku nikitabasamu.
Jaribuni nyumbani, mwone kazi yake.
Ngisi mkavu hasalimu amri. Ladha inaisha,
yeye bado yupo.

Baridi ya mwaka jana mlio ukaota meno.
Maumivu yakapanda sikioni, yakashuka shingoni,
kijiko kikawa kinaingia ubavuubavu.
Niling'olewa jino lisilo na hatia;
lilihukumiwa kwa kelele za jirani yake.

Daktari Eun-gyo, mdogo kwa umri kuliko mzani wangu,
aliweka vidole mbele ya masikio yangu:
fungua, funga, polepole, tena.
"Sasa tia vidole vyako vitatu."
Viwili vikaingia, cha tatu kikabaki nje kama mdai.
Akanichorea: huu mfupa, hiki kijisahani cha gegedu,
huenda pamoja na kurudi pamoja.
Changu huchelewa, kisha hukimbia kumfikia mwenzake.
Tak.
"Lakini si ngisi peke yake," akasema.
"Usiku unasaga nini?"

Nikamwambia sisagi kitu,
mashine ya pilipili iko kwa dada yangu.

Pan-seok, mume wangu, aliyenishikia koti,
akainuka taratibu kama mtu aliyemwona mwizi.
Majira matatu ya baridi anatega panya darini.
Vichwa vya ngisi. Gundi. Jibini la bei mbaya.
Kila usiku anamsikia, krr, krr,
kila asubuhi mtego mtupu.
"Ni wewe," akasema. "Panya ni wewe!"

Tulicheka mpaka nikalia,
maana kucheka ndiko kulikouma zaidi.

Kuuma ni kazi ya meno, kuuma ni kilio cha taya;
neno ni moja, na sijui lilianzia upande gani.
Nimejiuliza ninachosaga.
Si maneno ya Cheom-rye, yale namrudishia mchana yangali moto.
Ni yale ninayoyameza kwa upole:
"Karibu tena," kwa aliyeonja mara tano akaenda zake.
"Hakuna neno," kwa mdogo wangu, na mkopo niliomdhamini
na simu yake isiyopokewa.
Hakuna neno. Kumbe lilikuwepo, na lilikuwa gumu.

Sasa karatasi imebandikwa juu ya mzani:
midomo ifungwe, meno yaachane.
Ulimi ukae pale unapogusa ukisema "na".
Nina miaka sitini na miwili, ndiyo kwanza nafundishwa
kwamba meno hayakuumbwa yashikane mchana kutwa.
Kitambaa cha moto shavuni, dakika kumi.
Tofu, uji wa mchele. Mwayo kwa kushika kidevu.
Ngisi mteja ajitafunie; wengine wamehamia kwa Cheom-rye.
Na usiku kinga ya plastiki,
inayonifanya niseme kama mtoto mwenye peremende.

Maumivu hayajaondoka. Yamekuwa mgeni anayepiga hodi.
Nikianza kubana, Pan-seok hunigusa shavu kwa kidole:
"Achia." Naachia.

Juzi aligusa, nikaachia,
chumba kikatulia.
Kisha juu yetu: krr. Krr.
Tukatazamana gizani.
Nikatikisa kichwa, kinga mdomoni, mimi siye,
naye akawa tayari amesimama, amefurahi kama bwana harusi,
anapapasa jikoni kutafuta kichwa cha ngisi.