Mwanamke wa Tatu Kambini

Karatasi yao haikuwa na jina langu.
Iliandikwa: Mwanamke wa Tatu Kambini.
Wa kwanza kazi yake kulia, wa pili kulaani,
wa tatu kupita nyuma ya moto
amebeba mtoto asiye wake.

Mimi hutengeneza lifti, hapa mjini Košice.
Mwaka wa kumi na moja huu naning'inia ndani ya magorofa,
nasikiliza nyaya kama daktari anavyosikiliza kifua.
Nilichukua likizo ya siku mbili. Walilipa vizuri,
na bafu letu lilikuwa linavuja.

Msichana wa vipodozi alinitazama kucha.
"Safi mno," akasema, akachovya brashi
kwenye kopo la tope la kununua
(lina chapa, lina tarehe ya kuharibika),
akanipaka uchafu kwa upole,
akiniomba radhi kila kidole.

Eržika akakabidhiwa fidla.
Eržika ni karani wa benki.
"Sijui hata inashikwaje," akasema.
"Usijali," mwongozaji akajibu, "imo damuni."
Akaishika kama mtu aliyeshikishwa kuku wa jirani.

Kisha akanigeukia mimi:
"Sema neno kwa lugha yenu. Neno la kale."
Nikautazama moto. Ulikuwa wa gesi, una swichi.
Nikakohoa, nikasema kwa Kiromani, kwa sauti nzito:
"Breki zikaguliwe kila miezi sita.
Ni marufuku kuzidi watu wanane."
Akafumba macho.
"Ajabu," akanong'ona. "Ajabu kabisa."

Sinema ilipotoka tulikwenda, safu ya saba.
Mama alivaa koti lake la mazishini, na lipstiki.
Nilipita nyuma ya moto kwa sekunde nne.
Chini ya picha, maneno yangu yakatafsiriwa:
*Barabara ndiyo mama yetu.*
Mama akaniinamia gizani:
"Barabara ipi tena? Mimi niko ghorofa ya tano
tangu kabla hujazaliwa."

Watu walipiga makofi. Wengine walilia kweli.
Pale mlangoni, mwanamke mmoja
ambaye leso yake ilikuwa bado imelowa kwa ajili yetu
alituona,
akahamisha mkoba
kutoka bega la huku kwenda bega la kule.

Nimezoea. Mlinzi wa dukani hunifuata mpaka kwenye sabuni;
siku hizi namwuliza bei, maana tumeshakuwa wawili.
Na yupo yule bwana wa mtaa wa juu
aliyefungua mlango, akaliona sanduku langu la vifaa,
akasema, "Hatununui kitu,"
ilhali lifti imekwama
na mkewe yumo ndani.

Ningeweza kuishia hapo.
Napendeza nikiishia hapo.

Lakini Jumanne moja, kwenye tramu,
kijana mweusi alikaa kando yangu,
mapajani ana kitabu kinene cha mifupa,
na kabla sijauwahi mdomo wangu
ulikwisha kumwuliza kama kwao
simba huingia majumbani.

Aliweka kidole kwenye ukurasa ili asipoteze mstari.
Akanitazama usoni, akazitazama kucha zangu,
zina grisi, grisi ya kweli, haina chapa.
"Kwetu Ibadan," akasema, kwa Kislovakia chenye changarawe,
"tunakaa ghorofa ya tisa.
Kinachotusumbua ni lifti.
Imekufa tangu Krismasi."

Nilicheka peke yangu.
Kisha aibu ikanipanda polepole,
ghorofa kwa ghorofa,
ikisimama kila mlango.

Tukapita kituo cha soko. Tukapita cha hospitali.
"Ni nyaya," nikamwuliza mwishowe,
"au mota?"