Mlango wa Zizi

Upande wa kushoto wa mlango, vimo vyetu:
mimi, Sabela, na Brais aliyekataa kusimama wima.
Upande wa kulia, kwa penseli ileile, bei ya lita,
kutoka chini kwenda juu.
Mama Ermitas hakuweka daftari.
Daftari huliwa na panya, alisema, mlango watauweza?

Mwaka niliofikia komeo: peseta kumi na tisa.
Mwaka Brais alipong'oka jino la mbele: ishirini na sita.
Nilipompita mama kwa bega: arobaini na nne,
na pembeni, kwa mwandiko uliotulia,
"tumenunua mashine ya kukamia."

Vidole vyake, vilivyovimba kwa baridi ya Lugo,
vikapumzika. Tukala nyama siku ya Jumatano.
Ng'ombe walikuwa na majina: Marela wa manjano,
Garrida mwenye madaha, na Pinta aliyepiga teke
ndoo, dirisha, na mara moja padri.

Kisha sisi tukaacha kurefuka,
na bei nayo ikaacha.

Ikaja sarafu mpya. Mama akaigeuzageuza kiganjani
kama kifungo kilichodondoka kwenye koti la mtu mwingine.
Akaandika: senti ishirini na nane.
Akakalia ndoo, akapiga hesabu kwa midomo,
akairudia peseta kama mtu arudiye kwao kwa miguu,
akazikuta arobaini na sita na ushei.
"Wamebadilisha shati," alisema. "Kuoga hawajaoga."

Dizeli ilibadilika. Pumba zilibadilika.
Daktari wa mifugo alibadilisha gari mara mbili.
Lori la kiwanda lilikuja kila baada ya siku moja,
likanyonya tangi, likaacha karatasi.
Bei yenyewe ilifika mwezi mzima nyuma ya maziwa,
kama rambirambi.

Ukafika mwaka wa senti ishirini na sita.
Wakulima wakapeleka matrekta barabarani.
Niliyaona maziwa juu ya lami, meupe,
yakiutafuta mtaro bila haraka.
Maji yakimwagika hayazoleki, husemwa hivyo;
yamwagwayo kwa makusudi hayajapata methali.
Mama hakumwaga. Alisema mkono wake haujui.
Akagandisha jibini hadi vyombo vikaisha,
akawapa nguruwe, akawapa majirani,
akampa hata Obdulia, waliyenuniana naye
tangu ugomvi wa ukuta wa mpaka.

Sabela wakati huo alibandika bei supamaketi, mjini.
Lita yetu, au ya mwingine, nani ajuaye,
ilisimama pale kwa mara mbili ya tulicholipwa,
na bado ilikuwa rahisi kuliko jirani yake rafuni:
maji yenye mapovu.
"Usimwambie mama," alininong'oneza kwenye simu.
Mama alikuwa anajua. Alikwenda kila Alhamisi,
akasoma rafu nzima, akatoka na kiberiti.

Marela wa tano, jina likirithiwa kama blanketi,
aliuzwa wa mwisho, mwezi wa Februari.
Hakukaidi kupanda lori. Hilo ndilo lililomuumiza mama.
Tukaifunga mashine kwa gunia.
Zizi likaanza kunuka chokaa, kisha halikunuka kitu.

Na bei ikapanda.
Mwaka wa pili tu baadaye, redio ikasema asubuhi,
kati ya mvua na mpira: senti hamsini na tano,
na viwanda vinagombania wafugaji.
Mama akazima redio. Akamaliza mkate wake.
Nilimfikiria atalia, au atacheka,
nikajitayarishia yote mawili.

Akachukua penseli kwenye kopo la vijiko
akatoka na ndara zake hadi zizini.
Nilimkuta ameegemea mlango, anaandika:
tarehe, tarakimu, mstari chini yake, kama kawaida.

Lakini mkono haufiki tena juu.
Hamsini na tano aliiandika kule chini,
jirani na zile peseta kumi na tisa,
usawa wa komeo.